Gombea Fedha, Si Akaunti

Malalamiko ya wachezaji wa kasino za mtandaoni hufanana, wawe Mwanza, Nakuru au Leicester. Mtu ameweka fedha kwa miezi bila kuulizwa lolote. Siku anayoshinda kiasi cha maana na kubonyeza kitufe cha kutoa, ndipo anapoombwa kitambulisho, selfi, ushahidi wa makazi, na pengine maelezo ya kipato chake kinatoka wapi. Anatuma, anaambiwa picha haisomeki. Anatuma tena. Kisha unaingia ujumbe mfupi: akaunti imefungwa kwa kukiuka vigezo na masharti, na uamuzi huo ni wa mwisho. Hapo mchezaji anaanza vita, na mara nyingi anaianzia mahali pabaya, kwa kudai afunguliwe akaunti. Anasimulia uaminifu wake, miaka aliyocheza, namna alivyodhalilishwa. Kampuni inamjibu kwa sentensi mbili za adabu kwamba ina haki ya kumkataa mteja yeyote, na katika hilo kampuni inasema kweli. Ila kufunga akaunti ni jambo moja, na kukaa na fedha za mwenye akaunti ni jambo jingine. Kampuni ina uhuru mpana katika la kwanza na uhuru mwembamba katika la pili. Anayeyachanganya anaipa nafasi ya kulijibu lile jepesi na kulinyamazia lile zito.

Tuanze na upande wenye nguvu wa kampuni, maana wengi hawautaki kuusikia. Kasino si huduma ya umma kama maji. Ni mfanyabiashara anayechagua wa kufanya naye biashara, ili mradi asibague kinyume cha sheria. Juu ya hapo kuna sheria za utakatishaji fedha. Viwango vya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji huo, vinaitaka kasino imtambue mteja anapofanya muamala wa kuanzia dola au yuro 3,000, na sheria za Kenya na Tanzania zinaziweka kasino katika kundi la taasisi zinazowajibika kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, ile ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, mwaka 2022 na kutolewa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, wasimamizi wake hukaza kamba, na kamba hiyo humfikia hata mtu aliyeweka shilingi elfu kumi kucheza mchezo wa kindege. Zaidi ya hayo, kampuni iliyopeleka taarifa ya shaka kuhusu mteja hairuhusiwi kumwambia mteja huyo kwamba imefanya hivyo. Ndiyo sababu wakati mwingine huduma kwa wateja hurudia maneno yale yale, "akaunti yako inakaguliwa", bila kutoa hata chembe ya maelezo. Wakati mwingine ni ujeuri, lakini si kila mara. Mfanyakazi anayekuandikia huenda hajui lolote zaidi, au anajua na amezibwa mdomo na sheria.

Sasa tugeukie fedha. Ushahidi mzuri zaidi wa kwamba haki ya kampuni juu ya fedha ni nyembamba unatoka Uingereza, ambako biashara hii imekaguliwa kwa muda mrefu na kesi zake zimeandikwa. Mwanzoni mwa 2019 msimamizi wa michezo ya kubahatisha wa nchi hiyo alieleza kwamba takriban asilimia 15 ya malalamiko yaliyokifikia kituo chake cha mawasiliano mwaka uliotangulia yalihusu kampuni kukataa kulipa hadi mchezaji alete vitambulisho fulani. Kuanzia tarehe 7 Mei mwaka huo, kampuni zenye leseni yake zilitakiwa kuhakiki jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa kabla mteja hajacheza hata mchezo mmoja. Kanuni ikaongeza sharti lililofaa kuigwa kila mahali: mteja anapoomba kutoa fedha, kampuni isitumie ombi hilo kudai taarifa mpya ambazo ingeweza kuziomba mapema, isipokuwa pale sheria nyingine inapoilazimisha kuziomba wakati ule. Mwaka mmoja kabla, mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilikuwa imezibana kampuni kubwa kadhaa, zikiwemo Ladbrokes na William Hill, zikaahidi kutomlazimisha mchezaji aliyechukua bonasi acheze mara nyingi ndipo aruhusiwe kuchukua fedha zake mwenyewe.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Uingereza iliiamuru kampuni ya Betfred imlipe mchezaji mmoja zaidi ya pauni milioni 1.7 alizokuwa ameshinda Januari 2018 katika mchezo wa karata kwenye simu. Kampuni ilidai kwamba programu ilikuwa na hitilafu na kwamba masharti yake yaliiruhusu kutolipa. Mahakama iliyasoma masharti hayo na kuona kwamba hayakuihusu hitilafu ya aina ile kwa lugha iliyo wazi, na kwamba mchezaji hakuelekezwa kwayo ipasavyo. Lakini asiishike kesi hiyo mtu kama hirizi. Mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo hiyo ilimnyima mwanamke mmoja pauni milioni 1 alizoamini ameshinda katika bahati nasibu ya taifa mtandaoni. Hitilafu ilikuwa imemwonyesha ushindi mkubwa ilhali tiketi yake halisi ilikuwa ya pauni 10, na masharti aliyoyakubali kwa kubonyeza yalikuwa wazi, yakamfunga. Ukizisoma kesi hizi mbili pamoja utaona ugomvi unaposimama: ni kifungu kipi hasa, kinasema nini, na kinaligusa tendo lililotokea au hakiligusi? Kwa Kenya na Tanzania hukumu hizo si lazima zifuatwe, ila mahakama zetu zimerithi msingi ule ule wa sheria ya mikataba na mawakili hutumia hukumu za kule kushawishi.

Kwa hiyo ukizuiliwa fedha, zigawe kwanza katika mafungu matatu, kwa sababu kila fungu lina nguvu yake. Fungu la kwanza ni fedha ulizoweka na hukuzichezea, yaani salio lako halisi. Hilo ndilo dai lenye nguvu kuliko yote. Ni vigumu sana kwa kampuni kueleza kwa nini ikae nazo, hata kama umekosea kitu, labda pawe na amri ya mamlaka ya kuzizuia. Fungu la pili ni ushindi uliotokana na fedha zako mwenyewe. Kuupoteza huo kunataka kampuni ioneshe kosa mahsusi: umri chini ya miaka 18, akaunti mbili, nyaraka za kughushi, kucheza ukiwa nchi isiyoruhusiwa. Fungu la tatu ni bonasi na ushindi uliozaliwa na bonasi, na hapa kampuni ina mkono mrefu. Iliweka kiwango cha juu cha dau, idadi ya mizunguko, michezo isiyohesabika, na mchezaji akabonyeza "nakubali" usiku wa manane bila kusoma. Wengi hupeleka dai moja la jumla, kampuni ikalipiga kwa kosa la bonasi, na salio halisi likazama humo humo. Dai mafungu matatu kwa majina matatu.

Hadi hapa nimesema kana kwamba mgogoro huanza siku ya kutoa fedha. Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki mara nyingi huanza siku ya kusajili, na chanzo chake ni cha kawaida kabisa: nyaraka zetu hazisemi jina moja. Kitambulisho cha taifa cha Tanzania, kile cha NIDA, kina jina la mtu, la kati na la mwisho. Laini ya simu ina mawili. Akaunti ya benki ina jina la babu. Cheti cha shule kimeandika Mohamed na pasipoti Muhammad. Mhudumu wa benki ya Kariakoo akiona tofauti hiyo atauliza swali moja na kuendelea na kazi. Mfumo wa kompyuta unaohakiki vitambulisho kwa niaba ya kasino hauulizi; unalinganisha herufi na kukataa. Kwa hiyo jisajili kwa jina lilivyo kwenye kitambulisho utakachokituma, herufi kwa herufi, hata kama mtaani hakuna anayekuita hivyo.

Laini ni shida kubwa zaidi. Tanzania ilipoanza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019 na kufunga dirisha Januari 2020, watu wengi walikuwa bado hawana namba ya NIDA, wakasajiliwa kwa namba ya kaka, ya mama, ya mwenye nyumba. Laini hizo bado zinatumika. Sasa kasino inapokea fedha kutoka M-Pesa ya Asha, akaunti ni ya Juma, na selfi ni ya Juma. Juma atasema Asha ni mke wake, fedha ni za nyumba moja, kuna ubaya gani? Kibinadamu hakuna ubaya. Lakini fedha zinazoingia kwa jina moja na kutoka kwa jina jingine ndizo sheria za utakatishaji zimetungwa kuzikamata, na sharti la "tumia namba yako mwenyewe" ni miongoni mwa machache ambayo kampuni inaweza kuyatetea mbele ya yeyote. Kama uko katika hali hiyo, nenda kwa mtandao wako ukabadilishe usajili kabla ya kuweka shilingi. Kama fedha zimeshaingia, sema ukweli mapema, ambatisha cheti cha ndoa ukiwa nacho, na uombe salio lirudi kwenye namba ile ile lilikotoka. Ombi la kurudisha fedha zilikotoka ni gumu kukataliwa kwa kisingizio cha utakatishaji, kwa sababu halimwongezi mtu mpya kwenye mnyororo.

Kisha kuna ushahidi wa makazi. Kampuni za nje huomba bili ya umeme au ya maji isiyozidi miezi mitatu. Aliyeandika sharti hilo hakuwahi kununua LUKU. Umeme wa kulipia kabla, Tanzania na Kenya, hautoi bili ya mwezi yenye jina lako. Na mita, ukiifuatilia, ina jina la mwenye nyumba. Barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri inakubalika benki zetu, lakini mhakiki aliyeko ng'ambo hawezi kuisoma na ataikataa. Kinachopita mara nyingi ni taarifa ya akaunti ya benki, ile faili inayotumwa na benki yenyewe na si picha ya skrini, yenye jina na anwani. Kama anwani iliyomo ni sanduku la posta tu, liombe tawi lako liandike mtaa, namba ya nyumba na postikodi kabla hujaihitaji. Kampuni zenye leseni ya nyumbani kwa kawaida hazina usumbufu huu kwa kiwango hicho, na hiyo ni sababu tosha ya kutocheza kwingine.

Hapa kuna pingamizi la haki: kwa nini mzigo wote aubebe mchezaji, wakati kampuni ndiyo iliyonyamaza alipokuwa akiweka na ikapata macho ya kusoma alipotaka kutoa? Pingamizi hilo ni kweli tupu, na kanuni ya Uingereza ya 2019 ilitungwa kwa sababu yake. Uhakiki wa kuchelewa una faida kwa kampuni: anayepoteza hasumbuliwi kwa nyaraka, anayeshinda husumbuliwa, na miongoni mwa wanaosumbuliwa wapo watakaochoka wakarudi kuchezea salio hadi likaisha. Lakini mahali ambapo hakuna kanuni kama hiyo, au ipo na haisimamiwi, njia ya mchezaji ni kuulazimisha uhakiki utokee mapema. Tuma nyaraka siku ya kwanza, hata kama hujaombwa, na uombe jibu la maandishi kwamba akaunti imehakikiwa. Weka kiasi kidogo, kisha kitoe. Kampuni inayoshindwa kukurudishia shilingi elfu tano haitakurudishia milioni tano. Na jibu lile la "umehakikiwa" ukilipata, lihifadhi, kwa sababu baadaye litaibua swali gumu: kama nilihakikiwa Machi, ni kitu gani kipya kilichotokea Juni isipokuwa ushindi wangu?

Nguvu hiyo yote huisha mara mchezaji anapodanganya. Kuna wanaofungua akaunti ya pili kwa barua pepe nyingine ili wapate bonasi ya ukaribisho tena, wanaosahihisha tarehe kwenye picha ya kitambulisho, wanaotumia VPN wakiwa Muscat, ambako kamari ni kosa la jinai, ili waonekane wako Dar es Salaam. Mifumo inasoma alama za kifaa, si barua pepe tu. Mtu aliyekuwa na dai safi la fungu la pili hujikuta hana hata la kwanza, maana sasa kampuni ina kosa la kweli la kuonyesha, na huenda akawa amejitia kwenye jinai ya kughushi. Vivyo hivyo kwa aliyeomba mwenyewe akaunti yake ifungwe kwa sababu mchezo ulimshinda nguvu, kisha akarudi kwa jina lililopindishwa kidogo. Huyo adai alichoweka kama anaona kampuni ilipaswa kumtambua, lakini akaunti aiache ibaki imefungwa. Katika ugomvi wake wote, kufungiwa huko ndicho kitu pekee kilichomfaa.

Ukishajua unadai nini, andika. Usigombane kwenye chati ya huduma kwa wateja, maana mazungumzo hayo hufutika na anayejibu hana mamlaka. Andika barua pepe moja, fupi, isiyo na matusi wala herufi kubwa, kwa anwani ya malalamiko iliyotajwa kwenye masharti. Taja jina la mtumiaji, tarehe ya kufungwa, salio siku hiyo, na mafungu yako matatu kwa tarakimu. Kisha uliza: "Naomba mnitajie kwa namba kifungu cha masharti mnachodai nimekikiuka, tarehe ya tendo lenyewe, na tofauti mliyoiona katika nyaraka zangu. Sipingi uamuzi wenu wa kutoendelea kunihudumia. Naomba salio langu lirudishwe kwenye namba niliyowekea." Sentensi ile ya kati, ya kutopinga kufungiwa, huwauma wachezaji kuiandika, ila ina kazi kubwa: inaondoa mezani hoja ambayo kampuni ina jibu lake, inabaki ile isiyo na jibu rahisi. Ambatisha ujumbe wa muamala wa kila uwekaji, picha za skrini za salio na historia ya michezo, na nakala ya masharti kama yalivyokuwa siku ile. Masharti hubadilishwa, aliyepakua nakala siku ya kujisajili ana silaha ambayo wenzake hawana.

Wakikaa kimya, nenda kwa aliyewapa leseni. Tanzania ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kenya imekuwa bodi ya leseni za kubeti, BCLB, na sheria ya 2025 imeunda mamlaka mpya ya kuchukua nafasi yake. Mwenye akaunti kwenye kampuni ya leseni ya Uingereza aipe kampuni wiki nane, kisha apeleke shauri kwa msuluhishi huru aliyetajwa kwenye masharti, kama vile IBAS, bila kulipa chochote. Leseni za kisiwa cha Curaçao ni hadithi nyingine. Kwa miaka mingi wachache wenye leseni kuu waliwakodishia wengine leseni tanzu, na mchezaji hakujua amlalamikie nani; sheria mpya iliyoanza Desemba 2024 imeuondoa mfumo huo, lakini usajili na usikivu havijengwi kwa mkupuo. Tangu kule kukazwe, zimezagaa pia leseni zinazojinasibu na Anjouan, kisiwa cha Komoro, na msomaji wa Mombasa asidhani kwamba kwa kuwa Komoro ni jirani basi kuna ofisi atakayobisha hodi.

Njia ambayo wengi hawaitumii ni ya sheria za taarifa binafsi. Kenya inayo tangu 2019, Tanzania sheria yake ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na zote mbili zinampa mtu haki ya kuona taarifa zake, kusahihisha zilizokosewa, na kuhoji uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Kama umekataliwa kwa sababu kompyuta haikuona kwamba Mohamed na Muhammad ni mtu mmoja, hilo ni suala la taarifa isiyo sahihi. Omba rekodi zako zote: nyaraka walizonazo, matokeo ya kila uhakiki, historia ya miamala. Kampuni inaweza kuficha yanayohusu taarifa za utakatishaji, lakini si historia ya dau zako. Nchini Kenya Kamishna wa Data anatakiwa kumaliza lalamiko ndani ya siku 90, na ombi la aina hii mara nyingi huamsha idara ya sheria ya kampuni, ambayo hufikiri tofauti na dawati la wateja.

Kuna anayesema: sitaki kabisa kumpa mgeni wa ng'ambo kitambulisho changu na uso wangu. Ana haki, lakini kwa nini asubiri kusema hivyo hadi awe ameshaweka fedha? Aliyeamua kutotoa nyaraka asiweke fedha kabisa. Anayekubali kuzitoa azipitishe kwenye ukurasa wa kampuni baada ya kuingia kwenye akaunti, kamwe si kwa WhatsApp, afunike tarakimu za katikati za kadi ya benki, na asitoe namba ya siri wala msimbo wa uthibitisho kwa mtu yeyote. Na awaogope zaidi wanaojitokeza Telegram na Facebook mara mtu anapolalamika hadharani, wakijidai wana jamaa ndani ya kampuni atakayefungua akaunti kwa ada ndogo. Hao huchukua ada, huchukua kitambulisho, na mwenye dai hubaki na madai mawili.

Hata asiye na kosa anaweza kukwama. Julai 2019 Kenya ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni kadhaa za kubeti, SportPesa ikiwa mojawapo, Safaricom iliagizwa kusitisha namba za malipo za kampuni 27, na wateja waliokuwa na salio ndani yake wakaanza kuhangaika kulitoa. Hapo hapakuwa na aliyekosea jina wala kutuma selfi mbaya. Salio la kasino halina ulinzi wa akiba ya benki. Kila ushindi utolewe siku ile ile. Na kama fedha zilizozuiliwa ni za kampuni iliyosajiliwa Kenya, na barua zako hazijajibiwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja za Kenya, bila kulazimu kuwa na wakili, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Anza na fungu la kwanza, lile la fedha ulizoweka, na risiti zake ziwe juu kabisa ya faili.